Kliniki ya moyo ya watoto tulikopelekwa kwa ajili ya goti: maoni yangu baada ya sindano 19

Naandika haya nikiwa nimekaa kwenye benchi nje ya chumba cha sindano, kijana wangu yuko pembeni anasubiri nusu saa yake iishe ndo turuhusiwe kuondoka, na hii ya leo ni sindano ya 19. Nimeahidi siku nyingi kwamba nitaandika maoni kuhusu hii kliniki na kila mwezi naahirisha, sasa leo kuna mama kakaa mbele yangu na binti yake anayechechemea, ameniuliza "samahani mama, hivi hapa si ni kwa wagonjwa wa moyo, mbona sisi tumeandikiwa kuja huku na mtoto anaumwa miguu?" Nikaona basi, leo naandika, maana swali hilohilo niliuliza mimi mwaka mmoja na nusu uliopita, tena niliuliza kwa hasira, na jibu lake kwetu lilikuwa ugonjwa unaoitwa homa ya baridi yabisi.

Jina la kliniki silitaji, sijawaomba ruhusa, na ninachokisifia ni namna wanavyofanya kazi, ambayo mzazi yeyote anaweza kuidai popote alipo. Kwahiyo soma kama maoni ya huduma, alafu pima huko unakoenda wewe.

Nianze na tulikotoka, sio hapa, ni sehemu nyingine. Mtoto alikuwa na miaka 10. Siku moja karudi anachechemea, goti la kulia, nikajua kapigwa teke kwenye mpira. Usiku goti likavimba, likawa la moto, yaani hata shuka likimgusa analia. Asubuhi tukaenda kwenye zahanati moja tuliyoizoea, daktari akabonyeza mara mbili akasema huyu anakua, mifupa inajivuta, akamwandikia ibuprofeni. Na kweli jamani, siku ya pili goti likapoa, nikamshukuru Mungu nikasahau. Siku ya nne kikaanza kifundo cha mguu wa kushoto, goti limepona kabisa kama halikuwahi kuumwa. Tukampa tena ibuprofeni, kikapoa. Alafu kiwiko. Niliporudi kulekule daktari akamwangalia mtoto akamwambia "si juzi ulisema goti?" Na mimi, mama yake mzazi, nyumbani nilikuwa nimeshamuuliza swali hilohilo kwa sauti hiyohiyo, kama vile anatunga ili asiende shule. Hilo linaniuma mpaka leo, nimeshamuomba msamaha na bado linaniuma, maana kumbe kule kuhamahama kwa maumivu ndo ilikuwa dalili yenyewe, mtoto alikuwa anatupa jibu mkononi.

Wifi yangu ndo aliyekataa. Akasema homa ya 38.6, kiungo kimevimba, mtoto hachezi hata mchana, hayo sio maumivu ya kukua, twende kwingine. Na alikuwa sahihi. Maumivu ya kukua huja jioni au usiku, mara nyingi miguu yote miwili, kwenye mashavu ya miguu na mapaja, asubuhi mtoto anaamka anakimbia kama kawaida, hakuna uvimbe wala homa wala kuchechemea. Ukiona kiungo chenyewe kimevimba au cha moto, ondoa hilo neno "anakua" kichwani kwanza mpaka apimwe.

Sasa hapa. Daktari aliyetupokea, mama mmoja mtulivu sana, kabla hajagusa kiwiko aliuliza "mama, wiki mbili tatu nne kabla hajaanza kuumwa viungo, aliumwa koo?" Nikasema hapana. Kwa kweli nilisema hapana bila hata kufikiri, nilikuwa nimechoka, nataka aangalie kiwiko. Yeye hakuandika hapana. Alimgeukia mtoto, "eti baba, hukupata shida kumeza hata siku moja?" Mtoto akasema ndio, ile wiki ya mtihani. Hapo ndo nikakumbuka, alikuwa na mafindofindo, siku tatu hivi, nikamsukutua maji ya chumvi na parasetamoli, likaisha lenyewe nikaona nimemtibu.

Kama ningetoa nyota kwa swali moja tu, hilo lingechukua zote. Maana ugonjwa huu ndo unavyoanza, kooni. Kuna bakteria anaitwa streptokoka kundi A, anakaa kooni, anaambukizwa kwa mate na chafya na kukaa karibukaribu, ndo maana nyumba na madarasa yenye msongamano anatembea sana. Koo linaweza kupona lenyewe hata bila dawa. Shida inakuja baadaye, kwa kawaida wiki mbili mpaka nne, kinga ya mwili iliyotengenezwa kumpiga yule bakteria inamkosea, maana kwenye ganda la bakteria kuna vitu vinavyofanana na vitu vya moyo wa mtoto mwenyewe, basi mwili unajipiga. Unapiga viungo, unapiga moyo, wengine ubongo na ngozi. Sio kila mtoto anayeumwa koo anafika huko, ni wachache, na wengi wao wana umri wa miaka 5 hadi 15, lakini ukishakuwa mzazi wa mmoja wa hao wachache hiyo hesabu haikusaidii kitu. Viungo vinapona vyenyewe na havibaki na kilema. Moyo ndo unabaki na makovu kwenye vali, ile milango ya ndani ya moyo. Kuna daktari Mfaransa wa karne ya 19, Lasègue, alisema ugonjwa huu unalamba viungo lakini moyo unaung'ata, na daktari wetu alinitajia maneno hayo wakati ananieleza kwanini mtoto wa goti ameletwa kwenye mlango wa moyo. Niliyaelewa kuliko mchoro wowote.

Hapa niseme na kuhusu jina. Kwa Kiswahili wanaita homa ya baridi yabisi, na hilo jina jamani linatuponza. Ukisikia baridi yabisi unamfikiria bibi na magoti yake msimu wa baridi, unafikiria kujifunika na kuchua. Nilipowaambia ndugu mtoto ana homa ya baridi yabisi wote waliniambia nimvalishe soksi. Baridi haihusiki kabisa. Hii ni ya koo, na inaenda kwenye moyo.

Upimaji. Hapa nitakaa kidogo kwasababu ndo sehemu iliyonifanya niwaamini. Kitu cha kwanza alichouliza baada ya koo ni dawa gani tumempa na saa ngapi, nikasema ibuprofeni. Akanieleza kwa upole kwamba dawa za aina hiyo, aspirini, ibuprofeni na ndugu zake, zinafuta maumivu ya ugonjwa huu haraka sana, ndani ya siku mbili tatu, na zikishafuta daktari anamuona mtoto mzima anamrudisha nyumbani. Uvimbe hauendi kiungo cha pili cha tatu ukaonekana, picha inapotea. Kwahiyo akasema kwa sasa apewe parasetamoli tu kwa maumivu mpaka wamalize kupima, alafu dawa yenyewe ya uvimbe itakuja. Nilitamani mtu angeniambia hivyo wiki mbili kabla.

Alafu akasema wazi kwamba hakuna kipimo kimoja cha damu kinachosema ndio ni huu au hapana sio. Madaktari wanatumia vigezo vya Jones, vimeanza mwaka 1944, vimerekebishwa mara kadhaa na marekebisho makubwa ya karibuni ni ya 2015. Kuna dalili kubwa tano: moyo kushambuliwa, viungo kuvimba, mwili kucheza wenyewe bila mtoto kutaka, vipele vya duara vyenye kingo nyekundu, na vinundu vidogo vigumu visivyouma chini ya ngozi karibu na viungo. Alafu kuna ndogo kama homa, viungo kuuma bila kuvimba, vipimo vya damu vinavyoonyesha mwili una moto ndani (ESR na CRP), na umeme wa moyo kuchelewa kupita. Wanatafuta kubwa mbili, au kubwa moja na ndogo mbili, na juu yake lazima kuwe na ushahidi kwamba yule bakteria alipita. Kwenye marekebisho ya 2015 wakasema kwa jamii ambazo ugonjwa huu ni mwingi walegeze, hata kiungo kimoja kuvimba au viungo vingi kuuma bila uvimbe vinaweza kuhesabika kama dalili kubwa, na kwa jamii zote eko ya moyo (kipimo cha kuupiga moyo picha kwa mawimbi ya sauti) ihesabike hata kama masikioni daktari hasikii kitu. Haya yote alinichorea kwenye karatasi kwa kalamu, huku na huku, na lile karatasi ninalo.

Vile vipele alisema kwenye ngozi nyeusi ni vigumu kuona, akamvua shati akamtazama dirishani kwenye mwanga, mgongo, tumbo, mapaja. Hakuwa navyo. Akamwambia anyooshe mikono mbele, atoe ulimi nje aushikilie, amkamate vidole ambinye, nikawa sielewi, kumbe anatafuta ile ya mwili kucheza. Hii ya mwili kucheza wazazi ijueni, inaweza kuja miezi kadhaa baada ya koo, viungo havijawahi hata kuuma, mtoto anaanza kuangusha vitu, mwandiko unaharibika, anakunja uso ovyo, analia bila sababu, na mwalimu anamchapa anasema anafanya makusudi. Mtoto wa hivyo apelekwe akapimwe moyo. Asichapwe.

Moyo alisikiliza muda mrefu, amelala chali, amelalia ubavu wa kushoto, amekaa ameinama mbele. Hakusikia sauti yoyote ya ajabu. Mimi nikapumua. Yeye hakupumua, akaandika eko na kipimo cha umeme wa moyo hivyohivyo.

Damu ilitoka ESR 84, CRP iko juu, na kile kipimo cha ASO kinachoonyesha mwili ulipigana na streptokoka kiko juu pia. Na hapa nampa heshima yake tena, alinikataza kuishika ASO kama hukumu. Alisema ASO peke yake ikiwa juu inamaanisha tu mtoto alikutana na huyo bakteria, watoto wengi wa shule watakuwa nayo juu na wana afya zao, na wapo waliochomwa sindano miaka kwa sababu ya ASO tupu bila dalili nyingine yoyote. Koo lenyewe walichukua kwa kijiti, likatoka safi, na hilo ni kawaida, viungo vinapoanza kuuma bakteria mara nyingi ameshaondoka.

Walitafuta na magonjwa mengine, hawakukimbilia jibu. Wakapima sikoseli. Wakaangalia chembe za damu zote kwasababu saratani ya damu nayo kwa mtoto inaweza kujificha kama maumivu ya mifupa. Na akasema kitu ambacho nakiandika hapa kwa herufi za kawaida lakini kisome kwa sauti kubwa: kiungo kimoja tu, kimevimba sana, homa kali, mtoto hataki kabisa kukikanyagia wala kukisogeza, hiyo ni dharura ya siku hiyohiyo, inaweza kuwa usaha ndani ya kiungo, na usaha unakula kiungo kwa siku chache, usisubiri kuona kama maumivu yatahama.

Eko sasa. Chumba cha eko ndo udhaifu wao wa kwanza, tulisubiri masaa matatu na nusu kwenye korido nyembamba, watoto wana homa, mabenchi mawili, hakuna anayekuja kusema foleni imefika wapi. Lakini ndani yule fundi wa eko alikuwa mwema, alimgeuzia mtoto skrini akamwonyesha mlango wa moyo wake unavyofungua na kufunga. Na ndo pale ilipoonekana, vali ya mitrali, ile ya upande wa kushoto kati ya chumba cha juu na cha chini, ilikuwa inavuja kidogo. Kidogo sana, lakini inavuja. Masikioni haikusikika na kwenye mashine ipo. Bila eko tungeondoka na ugonjwa wa viungo tu.

Nilikaa kimya. Yule daktari aliniacha nikae kimya, hakunijazia maneno, hicho pia ni huduma.

Matibabu ya mwanzo yalikuwa mepesi kuliko nilivyoogopa. Alilazwa siku chache, akachomwa benzathini penisilini moja ya kusafisha bakteria hata kama koo lilikuwa safi, akapewa naproksen kwa uvimbe wa viungo, na kwa siku mbili alikuwa anatembea mwenyewe kwenda chooni, mtoto aliyekuwa anabebwa. Wakarudia vipimo vya damu mpaka viliposhuka ndo wakapunguza.

Kumbe kazi yenyewe ilikuwa bado. Kazi ni hii ya kila wiki nne. Mtoto aliyeugua mara moja ana hatari kubwa ya kuugua tena kila streptokoka akirudi kooni, na kila akiugua vali inaongezewa kovu juu ya kovu, mpaka inakuwa ngumu au inavuja kabisa, na huko ndo kwenye kuishiwa pumzi, miguu kuvimba, mabinti kupata shida kubwa wakibeba mimba, na upasuaji wa kubadilisha vali. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu milioni 55 wanaishi na ugonjwa huu wa vali na unaua kama watu 360,000 kila mwaka. Dawa ya kuzuia ni penisilini, dawa ya kale kabisa, na mpaka leo huyu bakteria hajawahi kuwa sugu kwa penisilini. Mtoto wangu alikuwa na kilo 32 wakaanza na yuniti milioni 1.2, wenye uzito mdogo wanapewa nusu ya hiyo, laki sita.

Mimi nilibisha kidogo. Nikamwambia daktari, vali inavuja kidogo hata hausikii, sasa sindano za miaka yote hiyo za nini? Akanielezea utafiti uliofanyika Uganda ukachapishwa 2022, watoto na vijana 818 wa miaka 5 hadi 17 ambao shida ya vali ilionekana kwenye eko tu na walikuwa hawajisikii kuumwa. Waliochomwa kila wiki nne, baada ya miaka miwili ambao vali zao zilizidi kuharibika ni asilimia 0.8. Wasiochomwa ni asilimia 8.2. Nikanyamaza. Wale walikuwa hata hawajalazwa kama wangu.

Muda wake nao aliniambia bila kunificha. Kama moyo haukuguswa ni miaka mitano au mpaka afike 21, kipi kirefu. Kama moyo uliguswa ukapona ni miaka kumi au mpaka 21. Kama kovu linabaki ni miaka kumi au mpaka 40, na wengine maisha. Sisi kwa sasa tunahesabu mpaka 21 alafu eko itaamua, na eko ya mwaka jana ilionyesha kuvuja kumepungua kumebaki alama tu.

Chumba cha sindano sasa, hapa ndo roho ya hii kliniki. Hii sindano inauma, tusidanganyane, ni dawa nzito nyeupe kama maziwa, inaingia kwenye msuli polepole na maumivu yanakaa siku moja mpaka mbili. Watoto wengi wanaacha kwasababu hiyo tu. Nesi wa hapa, mama wa makamo, anafanya hivi: chupa anaitoa kwenye friji mapema iishe ubaridi, anachanganya na dawa ya ganzi, anambonyeza kwa kidole gumba mahali pa kuchoma kama sekunde kumi, wakati mwingine anaweka barafu kwanza, alafu anasukuma dawa taratibu sana, dakika mbili au tatu, huku anamuuliza habari za shule. Anamwacha mtoto achague upande. Hajawahi kumwambia "wewe mwanaume usilie", na mwanangu amelia pale mara nyingi tu. Siku moja nesi huyu hakuwepo akaja mwingine akachoma haraka haraka sekunde chache, mtoto alichechemea siku tatu na mwezi uliofuata akajificha bafuni asije. Yaani mkono wa mtu mmoja unaweza kuamua kama mtoto ataendelea na kinga au ataacha. Uongozi mkisoma hapa, nesi huyu afundishe wengine.

Kabla ya kila sindano anauliza mzio, kila mara, hata ya 18 aliuliza. Na baada ya sindano tunakaa nusu saa, dawa za dharura ziko kwenye trei palepale. Mzio mkali wa penisilini ni nadra sana lakini hauombi miadi.

Kadi ni ya njano na wana rejista, na siku tatu kabla wanatuma ujumbe kwenye simu. Tarehe haitakiwi kupita siku 28, kwasababu siku za mwishomwisho dawa kwenye damu inakuwa imepungua na ndo mlango unaachwa wazi. Wapo watoto wanaowekewa kila wiki tatu. Mwaka jana tulisafiri kwa msiba, tarehe ikaangukia huko, nikapiga simu, wakatuandikia barua ya kwenda nayo tukachomewa kituo kingine. Hii nawapa mia kwa mia.

Mabaya mengine, maana kuna mtu atasema nimelipwa. Mwezi wa saba sindano ziliisha. Sio kosa lao peke yao, hii dawa imekuwa ikiadimika sehemu nyingi duniani, lakini walijua wiki nzima kabla na hawakutuambia, tumefika ndo tunaambiwa hamna. Walimpa vidonge vya penisilini V vya asubuhi na jioni kusubiria, na vidonge kwa mtoto wa shule ni shida, tulisahau dozi tatu kwenye wiki moja na mimi naijua hatari, sembuse asiyeijua. Simu ya mapokezi wanapokea wakijisikia. Sindano zinachomwa asubuhi tu siku za kazi, kwahiyo mtoto anakosa darasa mara 13 kwa mwaka, kwanini isiwepo jioni moja kwa wiki? Na nimewauliza mara mbili kijana akifika 18 anahamia wapi, kila mmoja ananijibu lake. Huo ndo umri watoto wanapotea, wanatoka kliniki ya watoto na hawafiki ya wakubwa.

Kitu nilichopata hapa bila kukiomba ni kwa mdogo wake. Miezi mitano iliyopita, ana miaka 6, kaamka usiku ghafla koo linauma, homa, hana kikohozi wala kamasi, tezi za shingo zimevimba zinauma, nikamulika tochi mafindofindo mekundu yana madoa meupe. Zamani ningesukutua na chumvi. Koo nyingi ni za virusi, zile zenye kamasi na kikohozi na sauti kukauka, hizo antibayotiki hazisaidii na sio za kukimbilia. Ila koo la namna ile, tena kwenye nyumba yenye mtoto wa sindano, tulilipeleka asubuhi yake. Wakachukua kijiti, ikawa ni streptokoka, akapewa amoksilini siku kumi. Siku ya tatu alishapona anaruka, na hapo ndo watu wengi wanaacha dawa wanaitunza kabatini kwa ajili ya mwingine, sisi tukamaliza zote kumi. Penisilini ikianza ndani ya siku tisa tangu koo lianze kuuma, homa ya baridi yabisi inazuilika. Siku tisa ni nyingi mno, na kwa huyu mkubwa zilinipita nikiwa naye nyumba moja.

Mpira anacheza, waliruhusu baada ya vipimo kushuka na eko kuangaliwa. Meno wanasisitiza sana, mswaki na kwenda kwa daktari wa meno, kwasababu bakteria wa mdomoni wakiingia kwenye damu wanapenda kukaa kwenye vali yenye kovu. Kwa jumla nyota nne kati ya tano, ya tano naishikilia mpaka korido ya eko na stoo ya dawa virekebishwe, na nitarudi kuiongeza kwa furaha.

Yule mama wa mbele yangu bado hajaitwa. Ana karatasi ya ibuprofeni kwenye mkoba na binti anaomba apewe, anaumwa kweli masikini, nimemwambia asimpe kwanza mpaka aonwe, amuombee parasetamoli kwa nesi, na kama asubuhi alishampa basi amwambie daktari, na saa aliyompa amtajie.